Kirikuu yangu inaruka kama chura: nitaiendeshaje kwa ulaini?

*Shikamoo mwalimu. Nimeendesha Vitz ya otomatiki miaka minne bila shida yoyote. Mwezi uliopita nimenunua kirikuu ya manuali, Suzuki Carry, ya kubebea mboga na mayai kutoka vijiji vya Soni kushuka Mombo. Nikiondoka inaruka kama chura. Nikibadili gia, kila aliyemo anaitikia kwa kichwa. Kwenye mlima inazima au inarudi nyuma. Wiki jana trei mbili za mayai zimepasuka hata lami sijaifikia, na fundi ananiambia klachi imeanza kuungua. Kanuni zote nimefundishwa: kanyaga klachi, ingiza gia, achia klachi polepole, ongeza mafuta. Nakosea wapi?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mayai.

Kanuni ulizofundishwa si za uongo. Upungufu wake ni kwamba zinaiambia miguu ifanye nini, haziiambii inasubiri nini. "Achia klachi polepole" ni polepole mpaka lini? Wanafunzi wengi niliowahi kukaa nao pembeni wanaachia polepole kweli, gari likianza tu kusogea wanashusha pumzi, na mguu nao unaiachia pedali yote. Chura anatokea hapo. Nina hakika kiasi kikubwa kwamba na wewe unafanya hivyo, kwa hiyo vumilia nikueleze kwanza kinachotokea chini ya kiti chako. Kwenye kirikuu ni chini ya kiti kweli, maana injini umeikalia.

Kuna vitu viwili vinavyozunguka, kila kimoja kwa mwendo wake. Upande mmoja ni injini, ambayo haijui kusimama, ikisimama imezima. Upande wa pili ni magurudumu, ambayo yanaweza kusimama kabisa wakati injini inanguruma. Katikati yao iko klachi pleti, sahani yenye nyuso ngumu za kusuguana kama zile za breki, iliyobanwa baina ya flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, na presha pleti, bamba linaloibana. Ukikanyaga pedali, presha pleti inaachia na sahani inabaki huru. Ukiondoa mguu, springi inaibana tena. Baina ya kubanwa na kuachwa kuna kipande kifupi cha pedali ambapo sahani inateleza huku ikisuguana: inayavuta magurudumu yaongeze mwendo, na papo hapo inaivuta injini ipunguze, mpaka pande zote mbili zizunguke sawa. Zikishalingana unaweza kuondoa mguu upendavyo, hakuna atakayehisi kitu. Ukiondoa kabla hazijalingana, tofauti yote iliyobaki inamalizwa kwa mkupuo mmoja. Injini ikiwa na nguvu za kutosha gari linaruka. Ikiwa haina, inazima.

Basi mguu wako wa kushoto unasubiri kulingana kwa mizunguko hiyo miwili, hausubiri kitu kingine chochote. Kuondoka, kupandisha gia, kupangua (yaani kushusha gia), kupanda mlima, yote ni jambo hilohilo likija kwa sura tofauti. Vitz yako ilikuwa inakufanyia upatanishi huo yenyewe, kwa mafuta yanayozungushwa ndani ya giaboksi yake, nawe hukuwa na habari.

Mimi jambo hili sikulijulia darasani. Kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa utingo wa lori, na mahali pa utingo ni juu ya mzigo, amesimama ameshika bomba. Dereva wangu alikuwa mzee mkimya. Tukifika alikuwa ananiuliza swali moja tu: "Leo umehamisha mguu mara ngapi?" Alikuwa akihesabu gia zake kwa nyayo zangu. Ikiwa nimelazimika kuhamisha mguu ili nisianguke, gia ile aliiingiza vibaya, na alikuwa akikumbuka ni kona gani. Mpaka leo nikipanda daladala nasimama hivyohivyo, najua dereva ana miaka mingapi barabarani kabla hatujafika kituo cha pili.

Sasa gari lako lenyewe. Kirikuu ni mtoto wa sheria ya Japani ya magari madogo: tangu mwaka 1990 injini zake haziruhusiwi kuvuka sentimita za ujazo 660, na mzigo wake wa kisheria huko kwao ni kilo 350. Najua huko milimani watu wanapakia viazi mpaka springi zinanyooka, na leo sitaki kugombana na mtu kwa hilo. Lakini fahamu maana yake kwa klachi: injini ndogo ina nguvu chache sana ikiwa kwenye sailensa, yaani inapozunguka bila kukanyagiwa mafuta. Ukimwona dereva wa Land Cruiser mkonga anaondoka bila kugusa mafuta, yule ana dizeli ya lita 4.2. Ukimwiga ukiwa na magunia ya kabichi, gari linazima hapohapo. Na mtu aliyezimiwa mara mbili mbele za watu, mara ya tatu anapiga resi mpaka moshi unatoka, halafu anaachia klachi kwa hofu. Fundi wako akisema klachi inaungua, inaungua kwa resi hizo.

Kabla ya mazoezi, tazama miguu yako. Kandambili hapana, na dera au gauni refu likunje upandishe juu ya magoti, kwa sababu nafasi ya miguu kwenye kirikuu ni finyu mno, nguo ikinasa kwenye pedali utajua barabarani. Vaa kiatu chenye soli nyembamba iliyo bapa. Klachi ikikanyagwa mpaka chini, goti libaki limekunjwa kidogo. Ukilazimika kunyoosha mguu wote, mguu hauwezi kuhesabu milimita, na sisi tunahitaji milimita. Kiti cha kirikuu hakisogei sana, kwa hiyo mfupi aweke mto nyuma ya mgongo.

Zoezi la kwanza halina mafuta kabisa. Nenda uwanja wa mpira asubuhi, au popote palipo tambarare, gari likiwa tupu. Washa, kanyaga klachi mpaka mwisho, ingiza gia ya kwanza, mguu wa kulia uwe juu ya breki bila kukanyaga. Kisigino cha kushoto kiweke sakafuni, uinue pedali kwa kifundo cha mguu, si kwa paja. Inua kidogo, kidogo tena. Utafika mahali mlio wa injini utazama, kama mtu aliyetwishwa ndoo, na bodi itatetema kidogo. Hapo ndipo klachi inaposhika. Madereva wanaita kubalansi klachi. *Simamisha mguu hapohapo.* Usiinue, usishushe. Gari litaanza kutambaa lenyewe kama mtu anayetoka usingizini. Acha litambae, hesabu moja, mbili, tatu, ukisikia mlio wa injini umerudi juu ulipokuwa, inua pedali iliyobaki.

Kule kuhesabu tatu ndiko ulikokosa. Gari kuanza kusogea hakumaanishi kwamba mizunguko imelingana. Ndiyo kwanza imeanza kusogeleana. Anayekuambia ni mlio: unazama sahani inaposhika, unainuka zikishalingana. Kirikuu nyingi hazina hata mshale wa kupima mizunguko ya injini kwenye dashibodi, na kwa kweli hilo ni zuri kwa mwanafunzi, maana linamlazimisha kutumia masikio. Zima redio.

Rudia mara 30. Sisemi kwa mzaha. Mguu wa kushoto wa mtu wa otomatiki ni mgeni mjini, haujawahi kufanya kazi, na utachoka baada ya dakika 20. Ukichoka acha, urudi jioni. Mguu uliochoka haujifunzi kitu, unazoea makosa tu. Na tahadhari moja: siku za mwanzo, ukishtuka, mguu huo wa kushoto utataka kupiga breki. Kwa hiyo uwanjani pasiwe na watoto mbele yako.

Ukishaweza kuondoka bila mafuta, mafuta yenyewe ni kazi ndogo. Kosa la kawaida ni kuchezesha miguu yote miwili kwa pamoja, ukawa hujui ni upi uliokosea. Tenganisha. Kwanza weka mlio: kanyaga mafuta kidogo mpaka injini iimbe juu kidogo ya sailensa, useme kama mnyanyuko wa mtu anayejiandaa kubeba mzigo, halafu mguu wa kulia uugandishe hapo. Sasa inua klachi mpaka inaposhika. Mlio utataka kuzama. Ongeza mafuta kiasi cha kuuzuia tu usizame. Ukisikia injini inapanda juu yenyewe na gari halisogei, umezidisha mafuta. Ikizama na kutetema, umepunguza. Ndani ya siku mbili tatu mguu wa kulia utaacha kufikiri.

Sasa hilo la kuitikia kwa kichwa. Unapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, mwendo wa gari haubadiliki, ila mizunguko ya injini inatakiwa ishuke sana. Kwa gari la kawaida, ikiwa gia ya kwanza injini ilikuwa mizunguko 3,000 kwa dakika, gia ya pili kwa mwendo uleule itataka kama 1,800. Hizo 1,200 zinakwenda wapi? Ukikanyaga klachi na kuachia mafuta, injini inashuka yenyewe, lakini inahitaji muda, karibu na muda wa kutamka "Lu-sho-to". Ukiwahi kuachia klachi, injini bado iko juu na gari linasukumwa mbele. Ukichelewa sana, injini imeshaanguka mpaka sailensa na gari linavutwa nyuma. Vichwa vinaitika kwa vyote viwili, ila kwa pande tofauti: cha abiria kikirudi nyuma kwanza, uliwahi, kikienda mbele kwanza, ulichelewa. Mwombe mtu akae pembeni yako akuambie kichwa chake kimeenda wapi.

Mpangilio ni huu: ondoa mguu kwenye mafuta na kanyaga klachi karibu kwa wakati mmoja, mafuta yakitangulia unywele. Chomoa gia, pumzika sekunde ndogo kwenye frii, yaani bila gia yoyote, ingiza ya pili bila kulazimisha, rudi kwenye klachi mpaka inaposhika, tulia kidogo, malizia, ndipo uongeze mafuta. Watu wengi wanaficha kosa la klachi kwa kuwahi mafuta. Injini inapiga kelele katikati ya gia, na abiria wanadhani dereva ana hasira.

Mkono nao una makosa yake. Usiikabe roda ya gia, ile fimbo ya kubadilishia gia. Ukitoka ya pili kwenda ya tatu, sukuma kwa kiganja kilichofunguka mpaka katikati, iache. Springi itaipeleka yenyewe kwenye mstari wa tatu na nne, halafu uisukume mbele. Wanaoikaba ndio wanaotafuta ya tatu wakapata ya kwanza. Kwenye gari la aina yako roda imeunganishwa na giaboksi kwa viungo virefu, na bushi zake zikiisha gia inakuwa kama kijiko ndani ya uji. Ikiwa yako iko hivyo, usijilaumu. Mpe fundi abadilishe bushi.

Hapo kwenye viungo niongeze jambo la baridi, kwa sababu nyinyi mnaishi Usambara. Ndani ya giaboksi kuna pete ndogo ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaumana. Cadillac ndio walioanza kuziweka kwenye magari mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alilinganisha mwenyewe, kwa kukanyaga klachi mara mbili. Asubuhi ya Juni au Julai, oili ya giaboksi ikiwa nzito kwa baridi, pete hizo zinachelewa na gia ya pili inakwaruza. Fanya kama wazee: kanyaga klachi, chomoa gia, achia klachi ukiwa frii, kanyaga tena, ingiza. Itaingia kama kisu kwenye siagi. Baada ya kilomita chache giaboksi likipata joto, endelea kama kawaida. Rivasi kwenye magari mengi haina pete hizo. Simama kabisa, kanyaga klachi, subiri sekunde mbili, ndipo uingize. Ikikataa, gusa ya kwanza halafu urudi kwenye rivasi.

Tuje mlimani, maana hapo ndipo klachi yako inapoteketea.

Kuondoka kwenye mlima unahitaji mikono mitatu na miguu mitatu, nawe unayo miwili miwili, kwa hiyo handibreki inakuwa mguu wa tatu. Vuta handibreki, ondoa mguu kwenye breki. Ingiza ya kwanza. Mafuta yawe zaidi ya yale ya tambarare, mlio uwe thabiti. Inua klachi mpaka inaposhika: mlio utazama, na utahisi mkia wa gari unakaa chini, kama punda anayejipanga kuvuta. Hapo ganda. Usishushe handibreki kabla ya mkia kukaa. Mkia ukishakaa, ishushe taratibu, na gari litabaki limesimama au litaanza kupanda lenyewe. Ongeza mafuta kidogo, hesabu tatu zako zilezile, malizia klachi. Likirudi nyuma, handibreki umeiwahisha. Likizima, mafuta yalikuwa machache au klachi umeipandisha kupita inaposhika. Sababu ni hizo tu, hakuna uchawi wala aibu. Anayepiga honi nyuma yako na yeye alizimiwa siku moja.

Lakini kwanza hakikisha handibreki yako inashika kweli. Kirikuu nyingi zinazofika huku zimetumika sana, waya umelegea, unavuta mpaka juu na gari linatembea. Kukaza waya ni kazi ndogo kwa fundi, tena ya bei rahisi kuliko klachi.

Na ukiwa umesimama mlimani, labda lori linakata kona mbele au ng'ombe wanavuka, usilishikilie gari kwa klachi na mafuta. Najua linapendeza, unaonekana fundi, gari linaning'inia palepale bila breki. Kila sekunde ya mning'inio ule sahani inasuguana na joto halina pa kwenda. Ile harufu kama ya karatasi iliyoungua na chuma, ukiisikia, tayari umepoteza kitu kisichorudi. Vuta handibreki, weka frii, ondoa mguu kwenye klachi, subiri. Vilevile ukiwa unatembea, usiupumzishe mguu juu ya pedali. Uzito wa kiatu tu unaisukuma rilizi beringi, ile beringi inayoiachisha presha pleti, ifanye kazi muda wote, na unaipunguza nguvu presha pleti. Mguu ukae sakafuni, pembeni.

Kushuka ni somo zito zaidi kuliko kupanda, ingawa hukuliuliza. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili. Utasikia madereva wanajisifu kuteremka wakiwa frii ili kubana mafuta. Kule Kenya, mteremko wa Salgaa na Sachangwan ulipata jina baya kwa ajali, na malori yanayoachiwa frii yamelaumiwa mara nyingi. Gari likiwa frii, breki peke yake ndiyo inayobeba uzito wote. Zikipata moto zinateleza, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama mpaka sakafuni bila jibu. Halafu hata hayo mafuta hubani. Kwenye injini ya EFI, ile inayopimiwa mafuta kwa kompyuta, ukiteremka ukiwa na gia na mguu umeutoa, mfumo unakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiwa frii injini lazima inywe ili isizime. Kirikuu za zamani zenye kabureta hazina ujanja huo, lakini hata kwa hizo, tone la petroli halilingani na korongo la Soni.

Teremka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda palepale. Na uipangue kabla ya mteremko, si katikati yake. Kupangua kwa ulaini ni kinyume cha kupandisha: hapa injini inatakiwa *iongeze* mizunguko ili ilingane na gia ndogo. Kwa hiyo klachi ikiwa chini, toka ya tatu, ingiza ya pili, na kabla hujainua klachi gusa mafuta mara moja, "vum" fupi, halafu inua mpaka inaposhika na umalizie. Bila ile "vum", magurudumu ndiyo yanayolazimika kuivuta injini juu kwa nguvu, gari linajikunja, na trei za mayai zinakutana na ukuta wa mbele. Kwenye barabara yenye mchanga au tope, mvutano huo unaweza kuyatelezesha magurudumu ya nyuma. Jizoeze "vum" kwenye tambarare kwanza, mwendo mdogo, wiki nzima kama itabidi. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote niliyoandika, na ndilo linalotenganisha dereva na mtu mwenye leseni.

Kuhusu mayai, nakushauri uchunguze: mengi huwa hayapasuki gari linapoondoka. Yanapasuka linaposimama. Dereva anakanyaga breki sawasawa mpaka magurudumu yanaganda, na pale mwisho mwili wote unarudi nyuma kwa mshtuko. Fanya hivi. Anza breki mapema, kwa upole, halafu kaza katikati, na mita ya mwisho punguza mguu kiasi kwamba gari lisimame kama limechoka lenyewe. Klachi usiikanyage mwanzoni, iache injini isaidie breki. Ikanyage mwishoni, injini inapokaribia kutetema. Madereva wapya wanakanyaga klachi kwanza kwa hofu ya kuzimiwa, na hapo wanakuwa wamejitia frii bila kujua. Trei zipange zibanane, katikati ya ekseli mbili, si mkiani. Mkia wa kirikuu unarusha.

Ukiegesha, sahau ile P ya Vitz. Kirikuu haina. Injini ukishazima, vuta handibreki na uache gari ndani ya gia: ya kwanza ikiwa uso umetazama juu, rivasi ikiwa umetazama chini. Kwenu weka na jiwe kwenye gurudumu, upande wa mteremko. Asubuhi kumbuka kukanyaga klachi kabla ya kuwasha, la sivyo litaruka likiwa bado na gia.

Limebaki suala la fundi wako. Inawezekana ana haki, inawezekana anatafuta siku yake. Jaribu mwenyewe: mahali tambarare, mbele pakiwa wazi, vuta handibreki kwa nguvu, mguu mwingine juu ya breki, injini ikiwa sailensa ingiza gia ya tatu, halafu achia klachi taratibu mpaka mwisho. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma wakati pedali iko juu kabisa, inateleza, na hapo hakuna mazoezi yatakayoiponya. Fanya jaribio hili mara moja tu, kwa sababu nalo linaisugua. Dalili nyingine: unakanyaga mafuta mlimani, mlio unapanda, mwendo haupandi. Au mwite dereva mzoefu aondoke na gari lako. Likimtetemekea hata yeye, tazama maunting za injini, yaani vishikizo vyake, au oili iliyovujia kwenye sahani.

Pedali ikishika juu kabisa, karibu na mwisho, usikubali giaboksi lishushwe siku hiyohiyo. Klachi ya gari lako inavutwa kwa waya, na waya huo unarekebishwa. Mwambie aurekebishe kwanza kiasi kwamba pedali iwe na ulegevu mdogo juu kabla haijaanza kukaza, uendeshe siku mbili, mrudi kwenye jaribio la gia ya tatu. Ikibidi kushusha, badilisha klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, kwa kuwa kazi kubwa ni kushusha na kupandisha, na kubadilisha kifaa kimoja leo na kingine mwezi ujao ni kulipa ufundi mara mbili. Simama hapo aikague na flaiwili kama imeungua rangi ya buluu au imepasuka nyufa. Na klachi mpya ikifungwa, siku za mwanzo usipakie magunia: nenda tupu, uwanja uleule wa mpira, bila mafuta, mara 30 tena, kwa sababu mahali inaposhika patakuwa pamehama.